Mwanamke Aliyeomba Manyoya ya Bamsi

Kabla sijaanza nikuambie hivi: mimi pombe sijawahi kuionja, na ndoto zangu nazijua. Huwa naota mambo ya kawaida tu, foleni na kuni. Haya sikuyaota. Niliyaona jua likiwa halijazama, nimesimama kwa miguu yangu miwili, chanuo nimelishika mkononi. Ukitaka kunibishia, nibishie nikishamaliza. Mume wangu Paskali yuko hai, nenda kamwulize, ila ukitaja tu jina la yule mbwa atainuka na kutoka nje kwenda kuangalia mahindi, hata kama ni msimu ambao shambani hamna hindi hata moja.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Waliokuwepo wanaijua, na ambao hawakuwepo sijui niwaelezeje. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimulia. Tulifua kwa maji ya majivu na majani ya mpapai, nguo ikitoka imechoka kuliko ilivyoingia. Unga ulikuwa ule wa njano, ukiupika unanuka ghala. Watu wazima walivaa viraka juu ya viraka, na viatu vya matairi ndiyo vilikuwa viatu. Paskali alikuwa dereva wa lori, lakini lori la tajiri wake lilikuwa limewekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, kwa hiyo alikaa nyumbani na jembe, na jembe nalo lilikuwa limeisha limebaki kama kijiko. Tuliishi Singe, nje kidogo ya Babati, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba, pamoja na binti yetu Yustina, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaanza shule.

Mimi nilikuwa nafua na kupika kwa mama mmoja mzungu aliyefanya kazi ya visima. Tulimwita Mama Inga. Alitoka nchi ya huko juu kabisa, kwenye barafu, na alikuja na mbwa wake. Mbwa mwenyewe sasa! Mbwa wetu sisi unawajua, wembamba, mbavu zinahesabika, mkia kama kamba. Huyu alikuwa mnene wa manyoya, meupe kwa chini na ya kijivu mgongoni, masikio madogo yamesimama wima kama anasikiliza redio, na mkia umejiviringa juu ya mgongo mfano wa mpini wa kikapu. Watoto walidhani ni kondoo aliyekosea kichwa. Jina lake Bamsi.

Mama Inga alipoitwa kwao kumuuguza baba yake, alimleta Bamsi kwangu. Aliniambia, "Mama Yustina, nitarudi." Nilishaona wengi wakisema watarudi. Akanikalisha chini akanifundisha. Huyu mbwa, akasema, ana manyoya mara mbili: ya nje marefu magumu, na ya ndani laini kama usufi. Ya ndani hunyonyoka kwa wingi, na usipoyachana yanashikamana, ngozi inakosa hewa, anatoka vidonda. Akaniachia chanuo lake la chuma. Akaniambia pia jambo ambalo majirani hawakulikubali hata siku moja: usimnyoe, hata jua likiwa kali namna gani, maana manyoya hayo hayo yanayomkinga na baridi kwao ndiyo yatakayomkinga na jua la huku.

Basi mama wa watu akaondoka, nami nikabaki na mbwa.

Niamini, kumtunza yule mnyama ilikuwa kazi juu ya kazi. Natoka foleni, mgongo unauma, namkuta amechimba shimo chini ya migomba yangu. Alichimba ili alalie udongo wa baridi, nikifukia anachimba tena. Kiangazi alihema ulimi nje mchana kutwa, mbavu zinapanda na kushuka, mpaka wewe unayemwangalia unasikia kiu. Nikawa nambakizia maji ya kuoshea vyombo nimmwagie tumboni. Kupe nilimtoa kwa vidole, mmoja mmoja, na katika yale manyoya kumtafuta kupe ni sawa na kutafuta sindano uliyoiangusha shambani. Na kubweka! Alibwekea watu, kunguru, majani, mwezi. Alibweka mpaka mwenyewe akawa anashtuka.

Chakula ndicho kilichonipa maneno. Alikula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na mifupa nikibahatika. Watu walisema, huyu mwanamke analisha mbwa wakati binadamu wanapanga foleni tangu alfajiri. Walisema kweli. Nilikuwa nasema hivyo hivyo moyoni kila nikimwekea sahani. Lakini utafanyaje? Ukishaangaliwa na yale macho ya kahawia unaona afadhali upunguze tonge lako. Na Yustina alimpenda. Usiku wa baridi walilala pamoja kwenye ngozi ya ng'ombe, mtoto ameingiza mikono yote miwili ndani ya yale manyoya. Hatukuwa na blanketi la kutosha, nikaona, haya, angalau mbwa ana faida.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Mama Mwajuma, mjane wa Kiislamu aliyeuza maandazi siku ambazo unga wa ngano ulipatikana. Mwanamke mwenye heshima, hana makuu. Siku moja alikuja akapiga hodi, akasimama mbali kidogo na Bamsi.

"Mama Yustina, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi," alisema. "Ila manyoya yake jana yametua kwenye mkeka wangu wa kuswalia. Na juzi nimeyakuta kwenye mlenda. Nakuomba tu, dada yangu, mchane kule mbali upepo usikolenga kwangu."

Alikuwa na haki. Manyoya ya ndani yalipoanza kutoka, yalitoka kama mto uliofurika. Unachana, unapata rundo la kujaza kikapu, kesho rundo lingine. Kwa hiyo nikahamia nyuma ya ua, kwenye njia ya kuelekea barabara kuu, na kila jioni nilipomaliza kazi nilimlaza pale nikamchana, manyoya nikayaacha yapeperuke kwenda porini.

Hapo ndipo alipokuja yule mwanamke.

Ilikuwa majira ya baridi, wingu limeshuka Mlima Kwaraa na jua limepauka, lakini lilikuwa bado lipo, nalisisitiza hilo. Nilimwona anakuja kwenye njia polepole, kajitanda kanga, miguu haina viatu. Mgongoni wala kifuani hakubeba kitu. Mwembamba, wa umri kama wangu. Kwa miaka ile hakuwa na cha ajabu hata kimoja, wangapi walipita hivyo? Nilichokiona nikajiuliza ni kimoja: kanga yake ilikuwa imelowa chepechepe, inadondosha maji, na mvua tulikuwa hatujaiona kwa muda mrefu. Nikasema labda ametoka kuchota maji.

"Dada," alisema, "hayo manyoya unayatupa?"

"Nayatupa."

"Nipe mimi. Mtoto wangu ana baridi."

Sasa sikia. Bamsi, ambaye alibwekea hata majani, hakubweka. Aliinuka, akamwendea yule mama huku analia kwa furaha kama mbwa aliyemwona mwenyewe, akajilaza juu ya miguu yake. Akafunga mdomo. Kuhema kote kukakoma. Unajua mara ngapi nilikuwa nimeuona ule mdomo umefungwa mchana? Nilimwangalia nikaona wivu, nisikufiche. Mimi namtoa kupe na kumnyima mwanangu ukoko, yeye ananionyesha ulimi tu, na huyu mpita njia anapewa mapenzi yote.

Nilimpa manyoya. Nilipomkabidhi, vidole vyetu viligusana, na vyake vilikuwa vya baridi, si baridi ya mtu aliyenawa, ni baridi ya mtungi uliolala nje. Nikamwuliza anakaa wapi.

"Pale kalavati," akajibu, akionyesha barabarani.

Nyumba pale kalavati hamna, kuna mfereji tu wa kupitisha maji chini ya barabara. Nikadhani anamaanisha upande ule. Nani alikuwa na nguvu ya kuhoji? Mwenzangu ana mtoto ana baridi, mimi nina takataka zinazonigombanisha na jirani. Kila mtu amepata.

Akawa anakuja. Si kila siku, ila mara nyingi. Hakuomba kingine, wala chumvi wala unga, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana katika miaka ile nani alikuja mlangoni kwako asiombe chumvi? Nilimpa kikapu kizima akapokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, limebaki kidogo tu," nami sikuuliza ni nini hicho. Nilimwambia siku moja, "Mlete mtoto nimwone." Akaniangalia kama ambaye hajasikia. Kanga yake haikukauka hata siku moja. Nami nilikuwa nimechoka, ndugu yangu. Mtu aliyechoka anaona mambo, lakini hayajibu.

Bamsi akaanza kumngojea. Ikifika jioni anasimama kwenye njia, masikio mbele. Halafu akawa anamfuata, anarudi asubuhi amelowa tumboni, mwili wa baridi, mwenye furaha. Nikawaza, basi amchukue, mzigo utoke. Nikamwambia Paskali hivyo hivyo, kwamba kuna mama mmoja wa kule kalavati anampenda yule mbwa, labda tumpe. Paskali alikuwa anachonga mpini. Aliacha kuchonga.

"Kalavati gani?" aliuliza.

"Hii hii ya barabarani."

"Pale hakai mtu," alisema, akarudia kuchonga. Lakini alichonga mpaka mpini ukawa mwembamba wa kutofaa.

Siku yenyewe nilikuwa foleni ya sukari. Walisema imekuja, tukasimama, ikaisha mbele yangu kabisa, nikarudi na mfuko mtupu nimeukunja kwapani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama na ukungu umeshashuka mpaka kwenye mashamba. Paskali alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni.

"Yustina yuko wapi?"

"Si yuko kwa Mama Mwajuma?"

Nilikwenda kwa Mama Mwajuma. Alikuwa anatawadha. Aliposikia swali langu aliweka birika chini.

"Nimemwona amepita njiani na mbwa wako, si kitambo," alisema. "Nikajua unamsubiri mbele."

"Walikuwa na mama mmoja mwembamba, kanga imelowa?"

"Mama? Hapana. Mtoto na mbwa tu." Halafu akainua mkono wake mwenyewe kunionyesha. "Ila alikuwa ameinua mkono wa kushoto juu, hivi. Kama mtoto anayeshikwa mkono na mtu mzima."

Nilimpigia Paskali kelele nikakimbia. Viatu vyangu vya matairi vilikatika kamba, nikaviacha. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba barabara niliitambua kwa kuikanyaga. Nikaita Yustina, nikaita Bamsi. Na kadiri nilivyokaribia kalavati, ndivyo ardhi ilivyozidi kulowa chini ya nyayo zangu. Mvua hatukuwa tumeiona kwa miezi, vumbi mpaka magotini, na mimi nakanyaga tope.

Nilimkuta Bamsi kwanza. Amejilaza ukingoni mwa mfereji, ametulia, mdomo umefungwa. Ubavuni mwake amekaa mwanangu. Na pembeni ya mwanangu amekaa yule mwanamke, ameshika mkono wa kushoto wa Yustina kwa mkono wake mmoja, na kwa mwingine amepakata furushi kifuani. Lilikuwa blanketi. Jeupe, nene, limeshindiliwa vizuri kuliko blanketi lolote lililowahi kuuzwa dukani Babati. Manyoya yangu yote niliyomchana yule mbwa.

"Mama," Yustina alisema, meno yanagongana, "mtoto hataki kucheza. Amelala tu."

Nilisema, na sijui sauti niliitoa wapi, "Dada, nimekuja kumchukua mwanangu."

"Subiri kidogo," alinijibu kwa upole kabisa, kama mwenzako anapokwambia subiri nimalize kupepeta. "Wangu bado ana baridi. Huyu wako ana joto. Akimlalia kidogo, atapata nafuu."

Nilishika mkono wa pili wa Yustina nikavuta. Hakuvuta yeye, lakini mtoto hakutoka. Ilikuwa kama kuvuta mti uliosimama. Yustina akaanza kulia, na machozi yake yalipodondoka kwenye mkono wangu yalikuwa ya baridi tayari.

Hapo Paskali akafika. Nilisikia anahema nyuma yangu, halafu nikasikia kuhema kumekatika. Yule mwanamke aliinua uso. Mimi alikuwa hajawahi kuniangalia sawasawa hata siku moja, lakini macho yake yakatua kwa Paskali.

"Baba dereva," alisema. "Blanketi umeleta?"

Wallahi, kama anavyosema Mama Mwajuma, nimeishi na Paskali miaka yote hii na sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Haikuwa kilio. Alivua koti lake, koti la kazi, la pekee alilokuwa nalo, akapita mbele yangu, akapiga magoti kwenye tope.

"Nimeleta, mama," alisema. "Nimechelewa. Nimeleta."

Akalitandika juu ya furushi. Lile blanketi likafunuka upande wa kichwa, na mimi nilikuwa karibu, nikaona ndani. Lilikuwa limejaa. Limetuna mahali pa kichwa, limetuna mahali pa magoti, kama lolote lililobeba mtoto mchanga. Na ndani hamna mtu. Hamna kitu. Ningeona moshi, basi, ningesema moshi. Hapakuwa hata na moshi.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Kupiga kelele? Kusali? Sala zilinitoroka zote, hata ile fupi. Nilichofanya nilikifanya kwa sababu nimewahi kuwa mama mwenye mtoto asiyelala, na ninajua kitu gani mama huyo anataka kuambiwa. Niliweka mkono juu ya koti, taratibu, nikapapasa.

"Amelala, dada," nikasema. "Ana joto sasa. Usimwamshe."

Akaniangalia. "Kweli ana joto?"

"Weka mkono wako."

Ili aweke mkono, ilibidi amwachie Yustina. Akamwachia. Aliuweka pale juu, akautuliza, na mabega yake yakashuka. Hujawahi kuona mtu akitua uchovu namna ile. Nilimpakata Yustina nikainuka. Bamsi naye aliinuka, nikadhani anakuja. Alizunguka mara moja, kama mbwa anavyozunguka kabla ya kulala, akajilaza juu ya miguu ya yule mwanamke na mkia akaufunika pua yake. Nilimwita. Aligeuza sikio moja tu.

Tulirudi nyumbani. Mama Mwajuma alikuwa amesimama njiani, ameshika taa ya chemli, mafuta yake ya mwisho hayo, najua. Alimchukua mtoto, akamkalisha kando ya moto, akamsugua miguu na kumsomea dua kwa sauti ya chini mpaka akalala.

Ndipo Paskali akanieleza. Miaka kadhaa kabla hatujaoana, wakati watu wanahamishwa kwenda vijiji vipya, aliajiriwa kuendesha lori la kubeba familia kutoka milimani. Safari moja mvua iliwakuta, lori likazama pale kalavati. Giza, maji, hamna pa kwenda. Watu walijikinga chini ya lori na pembeni ya mfereji. Yeye alikuwa ameendesha bila kulala tangu juzi yake. Alijifungia kwenye kabini ya dereva akajifunika blanketi lake. Mwanamke mmoja aligonga mlango, akaomba kitu cha kumfunikia mtoto. Paskali alimwambia, "Ngoja kidogo, mama, nakuja."

"Nilitaka kuamka," aliniambia. "Nilikuwa nimechoka tu. Nilisema nafumba macho kidogo halafu nampelekea."

Alipofumbua palikuwa pameshakucha. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mama yake hakukubali kumtoa kifuani mpaka walipofika, na yeye mwenyewe kifua kilimchukua masika yale yale. Paskali alikuwa amebeba jambo hilo peke yake, nikawa naelewa kwa nini siku zote alilala bila kujifunika hata kwenye baridi kali. Mimi nilidhani ananiachia mimi na mtoto.

Sikumlaumu. Nitamlaumu vipi? Mwenyewe nilikuwa nimekwisha kabisa jioni ile, na kama mtu angegonga mlango wangu kuomba kitu, ningesema nini? Ngoja kidogo.

Alfajiri Bamsi alikuwa mlangoni. Paskali alikwenda kalavati na katekista, wakasali. Alisema pale palikuwa pakavu, vumbi tupu, na kuna kishimo kimoja cha mbwa aliyelala. Koti hakuliona, hakuna aliyewahi kuliona. Yule mwanamke hakurudi tena, wala kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemfahamu.

Lakini mambo kama hayo hayaishi kwa sababu wewe umeyachoka. Bamsi aliishi miaka mingi baada ya pale, mpaka maduka yakaanza kujaa tena vitu na sisi hatuna cha kuvinunulia. Alizeeka, macho yakafanya ukungu, nikawa namtafunia nyama. Tangu asubuhi ile hakuhema ulimi nje hata mara moja, hata kwenye jua la kupasua mawe. Ukimgusa mgongo ni kama umegusa mtungi. Kubweka aliacha. Na manyoya hayakutoka tena, hata moja. Nilimchana kila jioni kama nilivyofundishwa, chanuo likaingia na kutoka safi, nikamchana hivyo hivyo mpaka siku aliyokufa amelala, kwa sababu alishazoea na mimi nilishazoea. Mama Inga hakurudi.

Yustina sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, anakaa Dar es Salaam. Mkono wake wa kushoto ni wa baridi. Si baridi ya ugonjwa, hospitali wamemwangalia wakachoka. Katika joto la kule, watu wanalala barazani kwa kukosa pumzi, mkono ule ni wa baridi kama umetoka kisimani. Wanawe walipokuwa wachanga alijifunza kuwabeba kwa mkono wa kulia tu, maana ukiwagusa ule wa kushoto walinyamaza ghafla, wakamtazama mtu aliyesimama nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Hataki kuniambia kama bado wanafanya hivyo wajukuu wanapokua. Nami siulizi.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, chukua hili uende nalo. Mtu akija kukuomba kitu cha kumfunika mtoto, mpe. Usiseme ngoja, usiseme kesho, hata kama umechoka kiasi cha kulala umesimama, amka umpe. Lakini kabla hajaondoka, mwambie amlete mtoto umwone kwa macho yako. Akikuangalia kama hajasikia, usirudie swali. Ingia ndani, washike wanao mikono yote miwili, na ufunge mlango.